UZI: Ligi ya kikapu Ufaransa 2022/23. Dogo alibeba kila tuzo, kombe likaenda Monaco, na klabu yake leo haipo

#1 Benchi la Nyuma

Wakuu, salaam.

Jukwaa hili likitaja kikapu basi ni NBA, na NBA yenyewe ni Lakers na Warriors. Leo naomba tukae kidogo Ulaya, kwenye ligi ambayo kwa mwaka mmoja ilitazamwa na dunia nzima, halafu ikaachwa kama ukumbi wa harusi asubuhi yake.

Ni Betclic Élite, ligi kuu ya Ufaransa, msimu wa 2022/23. Timu 18, mechi 34 kila moja, kisha nane za juu zinaingia mtoano: robo fainali anapita anayetangulia kushinda mechi mbili, nusu fainali na fainali anayetangulia kushinda tatu. Wengi mnaukumbuka kama msimu wa Victor Wembanyama. Mimi nasema ulikuwa msimu wa kocha mmoja na wahasibu wengi. Tuanze mwanzo.

Dogo kazaliwa Januari 2004 huko Le Chesnay, magharibi ya Paris. Mama, Élodie de Fautereau, alicheza kikapu na akakifundisha. Baba, Félix Wembanyama, ana asili ya Kongo na alikuwa mruka miruko mitatu. Akalelewa Nanterre, akaingizwa kikosi cha wakubwa akiwa na miaka 15. Mwaka 2021 akahamia ASVEL, klabu ya Tony Parker kule Villeurbanne, jirani na Lyon. ASVEL wakawa mabingwa 2022, lakini dogo mwaka ule aliuguza majeraha kuliko alivyocheza, na fainali aliitazama akiwa nje. Kiangazi kilekile akaondoka kwenda Metropolitans 92, timu ya miji miwili iliyoungana pembeni mwa Paris, Boulogne-Billancourt na Levallois-Perret.

Kwa nini atoke kwa bingwa anayecheza EuroLeague (ligi ya klabu bora za Ulaya) aende kwenye klabu yenye ukumbi mdogo pale Levallois? Kwa sababu ya Vincent Collet. Huyu mzee alikuwa kocha wa timu ya taifa ya Ufaransa tangu 2009, aliipa ubingwa wa Ulaya 2013 na fedha ya Olimpiki ya Tokyo. Amewahi kuwa bingwa wa Ufaransa na Le Mans 2006, na ASVEL 2009. Halafu ana rekodi nyingine ambayo mashabiki wake hawapendi uitaje: akiwa na Strasbourg alipoteza fainali nne mfululizo, 2013 mpaka 2016. Ikumbukeni hiyo, tutaihitaji.

Collet alikubali jambo ambalo makocha wengi wa Ulaya hawalikubali. Alijenga timu nzima kumzunguka kijana wa miaka 18. Huku Ulaya kijana wa umri huo anapewa dakika nane, anakosea mara moja, anarudi benchi kufikiria maisha yake. Wembanyama alipewa dakika 32 kati ya 40, akaruhusiwa kupiga mitupo ya mbali, kupanda na mpira mwenyewe kutoka nyuma, kukosea na kubaki uwanjani.

Oktoba 2022 wakaenda Henderson, Nevada, jirani na Las Vegas, kucheza mechi mbili za maonyesho na G League Ignite, timu iliyoanzishwa na NBA kwa ajili ya vijana wasiotaka kupitia chuo. Upande wa pili alikuwepo Scoot Henderson, nyota wao kijana. Mechi ya kwanza dogo alitia pointi 37, mitupo saba ya pointi tatu ikaingia, akabloku tano. Wakafungwa 122-115. Siku mbili baadaye akatia 36 na ribaundi 11 (mipira aliyodaka baada ya mtupo kukosa), wakashinda 112-106. LeBron James akasema huyu si mtu wa sayari hii, na kuanzia hapo mambo yakaharibika, kwa maana nzuri. NBA wakatangaza kuonyesha mechi za Metropolitans kwenye programu yao ya simu. Kwa sisi wa Afrika Mashariki ilikuwa neema: mechi ya saa mbili usiku Ufaransa kipindi cha baridi ni saa nne usiku kwetu. Unakula, unaoga, unaangalia mchezaji bora kijana duniani, unalala. Hakuna kuamka saa tisa usiku kama mwizi.

Baada ya Nevada kulikuwa na watu wa NBA waliomshauri wakala wake, Bouna Ndiaye, amfungie kijana ndani mpaka siku ya drafti (siku timu za NBA zinapochagua vijana wapya kwa zamu) asije akavunjika. Ndiaye alilisema hadharani na akasema hawatafanya hivyo. Na kweli, mechi zote 34 za msimu wa kawaida dogo alicheza. Akamaliza na wastani wa pointi 21.6, ribaundi 10.4 na bloku 3.0. Namba moja wa ligi katika vyote vitatu. Mchezaji bora wa msimu, mdogo kuliko wote waliowahi kuipata tuzo hiyo, beki bora, kijana bora. Kabati likajaa.

Kombe? Kombe lilienda Monaco, mechi tatu kwa sifuri.

Naendelea nikipata chai. Karibuni.

---

#2 Tausi wa Chang'ombe

Nimeweka kiti mbele kabisa. Mkuu usichelewe na hiyo chai.

---

#3 Mtu wa Pembeni

Mkuu uzi mzuri lakini tusidanganyane. Ligi ya Ufaransa ni ya kawaida sana. Dogo wa futi saba na inchi nne akicheza na watu waliokosa nafasi Marekani lazima aonekane malaika. Pointi 21 ndiyo za kupigia kelele? Luka Dončić alikuwa na ubingwa wa EuroLeague na umri huo.

---

#4 Benchi la Nyuma

Mtu wa Pembeni, nilijua utakuja.

Kwanza hizo 21.6 usizipime kwa rula ya NBA. Huku mechi ni dakika 40, kule 48. Mashambulizi ni machache, na mchezaji nyota hapigi mara 25 kwa usiku, kocha atamwua. Kuongoza ligi ya Ulaya kwa pointi 21 ni jambo kubwa, na kuongoza kwa pointi, ribaundi na bloku kwa pamoja ni kichaa.

Pili, hao "waliokosa nafasi Marekani". Monaco ya msimu ule ilikuwa na Mike James, Jordan Loyd, Élie Okobo, Donatas Motiejūnas, Donta Hall, Alpha Diallo, John Brown. Kocha Saša Obradović. Mei 2023 timu hiyohiyo ilikuwa Kaunas, Lithuania, kwenye nne bora ya EuroLeague, ikafungwa na Olympiacos nusu fainali, ikaifunga Barcelona kuwania nafasi ya tatu. Kwa hiyo bingwa wa "ligi ya kawaida" alikuwa wa tatu Ulaya nzima. Uispania yenyewe ingeipenda ligi ya kawaida ya namna hiyo.

La Luka nakubali kwamba alishinda zaidi akiwa kijana. Ila Luka alikuwa Real Madrid. Mweke Luka Levallois na wenzake wale tuone.

---

#5 Kocha wa Mtaa

Niongeze kitu cha kiufundi maana watu wanaangalia vipande vya video tu.

Sheria za FIBA (shirikisho la kikapu la dunia, ndizo zinazotumika Ulaya) zinamsaidia beki mrefu kuliko za NBA. Kule Marekani mlinzi haruhusiwi kukaa chini ya ringi zaidi ya sekunde tatu kama hana mtu wa karibu wa kumkaba. FIBA haina sheria hiyo kwa anayelinda. Wembanyama alikuwa anapiga kambi palepale, mikono ile, na mtu akipanda kwenye ringi anakutana na ukuta. Halafu kuna hili: kwenye FIBA mpira ukishagusa ringi, mtu yeyote anaruhusiwa kuugusa hata kama bado uko juu ya ringi. Kwa mtu wa urefu wake hiyo ni rushwa halali. Mpira umegonga chuma, unacheza cheza, yeye anaupangusa kama anafuta vumbi.

Lakini upanga ule unakata kote kote. Na wewe ukishambulia, senta wao naye amepiga kambi. Njia imefungwa, watu wanne wamejibana ndani, nafasi hakuna. Ndiyo maana walipofika mtoano alianza kuchoka. Kila akiugusa mpira alikuwa anagongwa na mabega mawili kabla hajaruka.

Na mtupo wa pointi tatu huku ni mita 6.75, NBA ni 7.24 pale katikati. Watu wakisema "alipiga tatu saba" wakumbuke na mstari ulikuwa wapi. Ingawa yeye huwa anapiga akiwa mbali na mstari wowote ule, sheria wala hazimhusu.

---

#6 Mnazi Mmoja 07

Naomba niulize swali la Kitanzania. Sisi tulikuwa na Hasheem Thabeet, futi saba na inchi tatu, namba mbili ya drafti 2009, nyuma ya Blake Griffin tu. Inchi moja tu tofauti na huyu. Kwa nini huyu amekuwa huyu?

---

#7 Kocha wa Mtaa

Mnazi Mmoja swali zuri na lisigeuzwe kuwa la kumsema mwenzetu. Hasheem alianza kikapu akiwa kijana mkubwa tayari, hapa Dar, na miaka michache baadaye yuko UConn (chuo kikuu cha Connecticut, Marekani), kisha NBA. Watu wanasahau jinsi njia ile ilivyokuwa fupi, na kwamba kufika kwenyewe ni muujiza.

Wembanyama mama yake ni kocha. Ameushika mpira kabla hajaujua urefu wake. Nanterre wana kituo cha vijana, ana makocha, ana mechi kila wiki, akiwa na miaka 15 anakaa benchi moja na watu wazima. Tofauti ni hiyo miaka kumi ya mwanzo. Inchi hazina kazi hapo.

---

#8 Mkongo wa Lyon

Bandugu, mnisamehe Kiswahili changu, mimi ni mtu wa Lubumbashi, niko Lyon miaka mingi. Uzi huu unanihusu mara mbili.

Ya kwanza, baba yake ni wa kwetu. Siku ile NBA inamtaja namba moja, simu zetu Wakongo wa hapa hazikulala. Na tusisahau Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi kabisa, aliyepita Uispania akachukuliwa namba saba mwaka 2011. Jonathan Kuminga wa Goma naye alipita kwenye hiyo hiyo Ignite mliyoitaja. Njia za watoto wa Kongo ni nyingi.

Ya pili, mimi ni ASVEL. Mnaongea kama vile Metropolitans waliwaonea wote. Tulikutana nao nusu fainali, tukafungwa tatu kwa moja, na niliumia kuliko mtu yeyote hapa, maana kijana alikuwa kwetu mwaka mmoja nyuma! Sisi tulikuwa mabingwa 2019, 2021, 2022 (2020 ligi ilifutwa kwa korona). Tulikuwa na Nando De Colo. Halafu anakuja mtoto tuliyemtunza wakati wa majeraha yake, anatutoa. Tony Parker alikaa pale anatabasamu kwa heshima, lakini mimi sikutabasamu.

Jambo ambalo watu wa mbali hawalijui ni sheria ya JFL. Ni mchezaji aliyelelewa kikapu ndani ya Ufaransa kwa misimu isiyopungua minne kabla hajafika miaka 21, hata kama pasipoti yake ni ya nchi nyingine. Kila timu lazima iwe na idadi fulani ya hao kwenye kikosi. Kwa hiyo huwezi kununua Wamarekani kumi na wawili ukaitwa timu ya Ufaransa. Matokeo yake JFL mzuri ni dhahabu, mshahara wake unapanda, na klabu zinalazimika kuwa na kituo cha vijana kinachofanya kazi kweli. Mnashangaa kwa nini Ufaransa inatoa vijana kila mwaka? Moja ya sababu ni hiyo.

---

#9 Benchi la Nyuma

Mkongo wa Lyon asante, nilikuwa namsubiri mtu wa ASVEL ajitokeze alie hadharani.

Umenifikisha kwa mtu ambaye kwangu ndiye hadithi bora ya msimu ule. Bilal Coulibaly. Huyu ni dogo mwingine wa 2004. Msimu ulipoanza alikuwa anacheza sana na timu ya vijana ya Metropolitans, kwa wakubwa anapata makombo. Skauti wa NBA walikuja Levallois kumwangalia Wembanyama, na kwa kuwa wameshakaa wakaanza kujiuliza, yule mwenye mikono mirefu anayekimbia vile ni nani? Collet akaanza kumwongezea dakika. Mtoano unafika, Coulibaly anaanza kikosi cha kwanza, anapewa kazi ya kumkaba mtu hatari wa timu pinzani. Juni 22 pale Brooklyn, Wembanyama anakwenda namba moja San Antonio, na namba saba anaitwa Coulibaly, Indiana wanamchukua na kumpeleka Washington. Namba saba kama Biyombo, Mkongo.

Klabu moja yenye ukumbi mdogo, vijana wawili ndani ya saba bora. Ndiyo maana nasema kocha. Wembanyama angeonekana hata akicheza Jangwa la Gobi. Coulibaly asingeonekana kama kocha wake si mtu wa kumwamini mtoto mwezi wa tano, wakati kila mechi inaweza kuwa ya mwisho.

Sasa fainali. Metropolitans walimaliza msimu wa kawaida wa pili nyuma ya Monaco. Wakapita Cholet, wakapita ASVEL kama alivyolia mwenzetu. Monaco wakiwasubiri. Mbili za kwanza zilichezwa Monaco, ukumbi wa Gaston-Médecin ambao uko chini ya uwanja wa soka wa Louis II, yaani unashuka chini kama unaingia maegesho ya magari unakuta kikapu. Monaco wakashinda zote. Ya tatu ilikuwa Juni 15, na wenyeji wakaipeleka Roland-Garros, ile korti kuu ya tenisi ya Philippe-Chatrier, paa limefunikwa, sakafu ya mbao imewekwa juu ya udongo mwekundu. Wiki moja kabla ya drafti. Monaco 92-85. Dogo pointi 22. Kwaheri Ufaransa.

Na Collet akawa amepoteza fainali nyingine tena.

---

#10 Tausi wa Chang'ombe

Maskini Collet jamani. Na mwaka 2024 Paris akafungwa tena na Marekani fainali ya Olimpiki 98-87, Curry akiwamwagia mvua. Huyu mzee ana mkono wa fedha.

---

#11 Mtu wa Pembeni

Narudi. Benchi la Nyuma umekwepa swali lako mwenyewe. Umesema wahasibu. Wako wapi? Mpaka sasa naona makocha tu.

---

#12 Benchi la Nyuma

Wanakuja.

Msimu ule mechi za ugenini za Metropolitans zilijaza kumbi za miji ambayo hata Wafaransa wenyewe wanaitafuta kwenye ramani. Mechi moja ya nyumbani ilihamishiwa ukumbi mkubwa wa Bercy, ndani ya Paris, na watu zaidi ya 15,000 wakaja. NBA inaonyesha, magazeti ya Marekani yanatuma waandishi Levallois. Ungedhani klabu imetajirika.

Msimu uliofuata, 2023/24, Wembanyama hayupo, Coulibaly hayupo, Collet hayupo. Metropolitans wakamaliza wa mwisho na kushuka daraja. Na hawakuanza upya daraja la pili. Kiangazi cha 2024 timu ya kulipwa ikafa. Kutoka fainali Roland-Garros mpaka kufutika ni miezi kumi na miwili na kitu.

Kwa nini? Hapa wapenda soka wasikilize. Kwenye soka mchezaji akiuzwa kuna ada ya usajili, na FIFA inalazimisha asilimia tano ya ada igawanywe kwa klabu zilizomlea. Mtoto wa Temeke akiuzwa Ulaya leo, kuna klabu huku inaweza kudai chake. NBA haina kitu hicho. Hakuna ada ya usajili. Kama kijana bado ana mkataba Ulaya, timu ya NBA inaruhusiwa kuchangia kiasi kidogo cha kuuvunja, kikizidi hapo mchezaji anatoa mfukoni mwake. Mkataba ukiisha anaondoka na begi lake. Kwa hiyo umemlea mtu atakayeingiza mamilioni ya dola, na siku ya kuondoka unabaki na picha.

Sasa klabu yenyewe iliishi kwa nini? Klabu nyingi za kikapu Ufaransa zinaishi kwa ruzuku ya mji, wadhamini wa eneo, na tiketi. Haki za televisheni ni ndogo ukilinganisha na soka. Metropolitans ilikuwa ndoa ya miji miwili yenye pesa lakini isiyo na mashabiki wa kikapu wa kizazi kwa kizazi. Si Limoges ile, si Pau, si Cholet, ambako mtoto anazaliwa na skafu. Watu walikuja kumwona Victor. Alipoondoka waliondoka naye.

Na upande wa pili nani alikuwa na hela? Monaco. Timu iliyokuwa madaraja ya chini muongo mmoja nyuma, ikapandishwa na pesa za Mukraine Sergey Dyadechko, ikaingia ligi kuu 2015, ikachukua EuroCup (kombe la Ulaya la daraja la chini ya EuroLeague) 2021, kisha Aleksej Fedoricsev akaichukua 2022. Wachezaji kumi wa daraja la EuroLeague. Ukimchosha mmoja anaingia mwingine mwenye mwili uleule. Fainali ile ilikuwa hesabu ya miili, na Levallois walikuwa na miili michache.

---

#13 Binti wa Kikapu

Mnaojadili wahasibu mnisikilize kidogo, mimi ndiyo kazi yangu (si Ufaransa, hapa hapa).

Ufaransa wana chombo kinaitwa DNCCG, kinakagua vitabu vya kila klabu ya kulipwa. Bajeti isipoeleweka unaweza kuzuiliwa kusajili, kushushwa daraja au kukataliwa kuingia ligi kabisa, hata kama uwanjani ulishinda. Watu wanaona ni ukatili. Mimi naona ni bora klabu ife mezani kiangazi kuliko ife mwezi wa pili, wachezaji hawajalipwa, wenye nyumba wanagonga mlango. Tunazijua ligi ambazo timu haitokei uwanjani kwa sababu hakuna nauli ya basi.

Ila sikubaliani na Benchi la Nyuma kwamba ligi ilibaki mikono mitupu. Klabu ilikufa, ligi haikufa.

---

#14 Mkongo wa Lyon

Binti wa Kikapu umesema kweli. Angalieni kilichofuata. Drafti ya 2024 namba moja ni Zaccharie Risacher, kutoka Bourg-en-Bresse, hapa jirani yangu kabisa, Atlanta wakamchukua. Namba sita Tidjane Salaün wa Cholet, akaenda Charlotte. Ya 2025 akatoka Nolan Traoré wa Saint-Quentin. Sasa skauti wa NBA wanajua treni ya Bourg inatoka saa ngapi, na hilo alilileta Victor. Zamani walikuwa wanakuja Paris, wanakula chakula kizuri, wanarudi.

Na Paris Basketball! Klabu imeanzishwa 2018 na Mmarekani David Kahn, yule aliyekuwa kiongozi wa timu ya NBA ya Minnesota, na mwenzake. Wakati wa msimu wa Victor walikuwa timu ya kawaida. 2024 wakachukua EuroCup na kufika fainali ya ligi, wakafungwa na Monaco. Wakahamia Adidas Arena mpya pale Porte de la Chapelle. 2025 wakarudi fainali na Monaco, mechi tano, Paris bingwa. Hawakuwahi kuwa na Wembanyama hata dakika moja.

Hata sisi ASVEL tulipata ukumbi mpya, LDLC Arena, mwishoni mwa 2023. Kombe bado, lakini viti ni laini.

---

#15 Mtu wa Pembeni

Hapo sasa ndiyo nimeelewa. Kwa hiyo aliyenufaika ni jirani.

---

#16 Mnazi Mmoja 07

Wakuu kuna kitu kimenijia. Zile mechi mbili za Nevada, Metropolitans na G League Ignite. Ignite si nayo ilifungwa 2024?

---

#17 Benchi la Nyuma

Ndiyo. Ignite walifungwa baada ya msimu wa 2023/24. Vyuo vya Marekani vilianza kuruhusu wachezaji kulipwa, kwa hiyo sababu ya kuwepo Ignite ikaisha. Ukitazama leo video ya ile mechi iliyoibadilisha drafti, timu zote mbili uwanjani hazipo tena. Wembanyama yuko San Antonio, Scoot yuko Portland, jezi ziko kwa wakusanya kumbukumbu.

---

#18 Kocha wa Mtaa

Turudi uwanjani kabla uzi haujawa wa TRA.

Mimi naamini fainali ile ilipotea katikati ya msimu, pale Tremont Waters alipoondoka. Waters ni mfupi, ni kichaa, lakini ni mtu anayeweza kujitengenezea mtupo wakati kati ya sekunde 24 za shambulizi zimebaki mbili. Akaja DeVante' Jones, mlinzi mzuri, mchapakazi, lakini si mtu wa kuwatisha Monaco. Barry Brown akabaki na mzigo wa nje peke yake. Monaco wakaona hakuna pointi gadi (mchezaji anayeongoza mashambulizi) wa kuwaadhibu, wakajaza watu ndani kwa dogo. Mweke gadi mmoja wa maana pale, fainali inakwenda mechi nne au tano.

---

#19 Benchi la Nyuma

Kocha, nne nakupa. Tano hapana.

Tatizo la Waters ni mpira kukaa mkononi mwake. Collet alitaka upite kwa Victor mapema, hata pale juu ya duara, achague mwenyewe. Kipindi Jones alipoingia timu ilitulia, Coulibaly akapata nafasi ya kukimbia, na wakamaliza wa pili kwenye ligi. Usimtoe Jones kwenye hesabu kwa sababu hana mbwembwe.

Halafu Mike James, Loyd na Okobo kwa pamoja. Nani wa kuwakaba wote? Umkabe James, Okobo anakutungua. Coulibaly ni mmoja tu.

---

#20 Kocha wa Mtaa

Lahaou Konaté angemkaba Okobo. Mtu wa JFL, mgumu, haogopi.

---

#21 Benchi la Nyuma

Konaté alikuwepo, Kocha. Alikuwepo mechi zote tatu na walifungwa zote tatu.

---

#22 Kocha wa Mtaa

Hakupewa dakika za kutosha. Nakuja na ushahidi, niache nitafute hizo mechi. Hii hatujamaliza.